Kitabu cha Pasi Kisicho na Sahihi

Jamani, leo nimekataa kazi yangu ya kwanza!

Nilienda shamba la kahawa Ruiru kuomba ukarani, digrii ya Kampala mkononi.

Meneja hakuigusa. Akafungua kitabu changu cha pasi, hiki mkoloni anachotulazimisha kubeba, pale waajiri wanapotia sahihi.

Patupu.

"Hakuna bwana anayekujua. Chuma kahawa miezi sita nikutilie sahihi, ndio tuongee ukarani."

Ati miezi sita! Mama amechuma kahawa hiyo hiyo miaka yote ili mimi nisome.

Nikachukua kitabu changu.

"Hutapata kazi Ruiru nzima!"

"Basi nitaanzia Thika."

Nyinyi mngekubali? Semeni ukweli.

Niliogopa kumwambia Mama. Nilipomweleza yote, alichukua viatu vyangu, akaanza kuvipiga rangi kwa safari ya Thika.