Muhogo Ambao Nguruwe Hawakuugusa

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka shuleni, hapa Ruangwa, na zoezi la ladha: tamu, chachu, chungu. Mbele ya chungu kaandika "ladha mbaya". Nikamwambia afute. Alicheka; mimi sikucheka.

Rafiki yangu, kwetu Mkotokuyana, miaka ile matrekta ya Waingereza ya mradi wa karanga yalipokuwa yakinguruma upande wa Nachingwea, chungu lilikuwa neno la heshima. Bibi alivunja ncha ya muhogo mbichi, akaigusisha ulimi, akatema. "Huu mchungu. Huu wetu." Maana nguruwe pori hawakuugusa. Mtamu ulipandwa kidogo kando ya nyumba, wa watoto kutafuna. Mchungu ndio uliokuwa shamba. Tuliumenya, tukauloweka mpaka ukalainika na kunuka uani kote, tukauanika, tukautwanga. Ugali wake ulikuwa mweupe, bila uchungu hata kidogo.

Mwaka mmoja mbuzi wa jumbe, mkuu wa kijiji, alikula maganda mabichi, akafa. Jumbe akaamuru michungu yote ing'olewe, tupande mitamu.

"Nguruwe wakija kitawazuia nini, Jumbe? Ndevu zako?" bibi alimwuliza.

"Bibi weye, mdomo wako unazidi huo muhogo kwa uchungu."

Watu wakacheka. Kisha tukang'oa.

Mitamu ilipoanza kunenepa, nguruwe wakaja wakafukua yote. Njaa ikaingia. Mjomba akatuletea kapu la michungu kutoka Matambarale. Bibi alisema ilowekwe siku kadhaa kama desturi, sumu itoke, lakini mdogo wangu wa kike alikuwa akilia njaa tangu asubuhi, na mama hakuweza kukisikiliza kile kilio. Akaichemsha siku ileile. Sisi wakubwa tulitapika, tukapona. Yule mtoto alikuwa mdogo mno.

Jumbe alikuja msibani, akaketi jamvini, akasema, "Niliwaambia. Muhogo mchungu unaua." Wanaume wakatikisa vichwa kukubali.  Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hadi anakufa aliamini kwamba mkono wake ndio uliomuua mwanawe.

Shamba lile sasa ni mikorosho ya watu wengine. Jumbe naye alikufa, akazikwa kwa heshima zote. Nilikuwa mtoto siku ile alipoketi jamvini kwetu, sikuwa na la kumjibu. Sasa ninalo: Jumbe, mama yangu alikuwa na shamba lililojaa chakula, na wewe ndiye uliyeling'oa.