Nyumba Yenye Konteri Mbili

Nakumbuka mchana mmoja wa mwanzo wa ndoa yangu, mwanangu, na mpaka leo sijajua kama siku ile nilikosea au nilipatia. Nimeuliza watu wenye akili kuliko mimi, kila mmoja akaniambia lake. Basi nakusimulia kama ilivyokuwa, nawe upime mwenyewe, maana mimi kichwa changu kilishachoka.

Nililetwa hapa Rumonge kutoka Ujiji, ng'ambo ya mpaka. Wazazi wangu ni watu wa huku waliokimbilia kule, nikazaliwa huko, nikakua huko, nikarudishwa huku na ndoa. Watu walifurahi wakasema mtoto amerudi kwao. Lakini kwenu ambako hujawahi kukanyaga kuna mambo yake. Nilikisema Kiswahili, nao walikisema, na bado tulipishana mlangoni. Nikiomba kitu kwa jina la Ujiji wanacheka. Wakinituma kitu kwa jina la hapa, naleta kingine. Mume wangu alikuwa akifanya biashara ya ndagala, ndio dagaa kwa jina la hapa. Alizinunua Gitaza zikiwa zimeshakauka vizuri, akazirundika kwenye magunia katika chumba cha nyuma, zikasubiri gari la kwenda Bujumbura. Chumba kile ndicho kilichotulisha sote, na ndagala mkavu, kama ujuavyo, akishalowa tena hana bei wala harufu ya kuvumilika.

Mkwe wangu, Mama Hadija, alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Hakuwahi kunigombeza. Ningefurahi angenigombeza, ningejua nimesimama wapi. Alinionyesha jiko, akanionyesha pa kuanikia nguo, na siku moja mawingu yalipojaa juu ya ziwa, akanionyesha kisanduku kilichopigiliwa ukutani barazani. Akasema hiyo ni konteri, radi ikianza kupiga niifunge, isije ikaunguza friji. Kwetu kitu kile tulikiita mita. Nikalishika neno, nikajisifu moyoni kwamba sasa nakuwa mtu wa hapa.

Sasa bafuni mwetu kulikuwa na robine, koki ya maji, iliyokuwa ikivuja tangu kabla sijaolewa. Mume wangu alikuwa ameifunga shingoni kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, akasema atamwita fundi. Alisema hivyo kila wiki. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini wanaume, mwanangu, huusikia msemo huo pale tu ufa unapokuwa wa jirani.

Siku yenyewe mume wangu alikuwa Gitaza, na Mama Hadija alikuwa amekwenda Kigwena kwenye dua ya ndugu yao. Kwa mara ya kwanza niliachiwa nyumba nzima, mimi na ufunguo wangu. Nilifurahi sana. Nilipiga deki, nikapika, nikaingia bafuni kujaza ndoo, nikaishika robine ile taratibu kama nilivyofundishwa. Ikabaki mkononi mwangu.

Maji yalinipiga usoni nikaanguka chini kwa makalio. Nilikulia nyumba ya kuteka maji bombani barabarani, foleni na ndoo, kwa hiyo sikujua kabisa maji ya ndani ya nyumba yanafungwa wapi yakikasirika. Niliziba kwa kiganja, yakatokea pembeni. Nikasokota khanga nikaisukumiza kwenye tiyo, lile bomba la ukutani, ikatupwa nje kama mate. Nikakumbuka magunia. Sakafu ya nyumba ile ilikuwa imelala kidogo kuelekea nyuma, na maji yalikuwa yameshaijua njia.

Nikatoka mbio uani nikamwita jirani yetu Mama Goreti. Alikuwa upande wa pili wa ukuta akichemsha mawese, na sufuria ya mawese ikiwa motoni haiachwi, hata nyumba ya jirani ikifurika. Nikamweleza kwa kupayuka. Akanijibu bila kuuacha mwiko wake.

“Funga konteri, mutoto wangu. Iko hapo mbele ya nyumba.”

Nilishukuru Mungu kwamba neno lile nalijua. Nikakimbia barazani, nikafungua kisanduku, nikashusha kile kiwashio, nikaifunga konteri. Friji ikanyamaza, redio ikanyamaza. Nikarudi bafuni. Maji yalikuwa yakitoka vilevile.

Hebu fikiria nilivyosimama pale. Nimeambiwa nifunge, nimefunga, na maji hayajali. Nikarudi ukutani kumuuliza Mama Goreti. Akaniuliza kama nimefunga kweli, nikaapa nimefunga. Akasema basi nisiwe na wasiwasi, hayo ni yale yaliyobaki ndani ya tiyo, yataisha. Nikarudi kuyangoja yaishe. Nikayatazama yakitoka kwa nguvu, nikajiambia tiyo za Rumonge bila shaka ni ndefu sana. Nikatoka tena barazani, nikaiwasha konteri nikaizima, labda sikuibana vizuri. Nikakipiga kisanduku kofi. Nikarudi bafuni. Yaleyale. Nikaanza kuwaza kwamba huku labda maji yanaletwa na umeme, na umeme ukishakatwa yanachukua muda kupata habari. Usicheke. Mtu aliyechanganyikiwa huamini jambo lolote linalomwezesha kusubiri kidogo.

Kumwuliza tena Mama Goreti sikuthubutu. Neno konteri ndilo pekee nililojivunia katika nyumba ile, na kukiri kwamba silijui ilikuwa sawa na kukiri kwamba mimi bado ni mtu wa kuja. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto kila siku. Lakini mjinga halisi huogopa kuuliza kwa sababu anadhani wenzake hawajagundua.

Basi nikaingia chumba cha nyuma, miguu mitupu, maji yakinifika vifundoni, nikaanza kuvuta magunia. Niliyapandisha juu ya kitanda, juu ya meza, juu ya masanduku ya mkwe wangu. Yale ya chini yalikuwa yameshakunywa. Nililia kwa sauti, sikuficha, kwa kuwa nilijua sasa watasema yule msichana wa Ujiji ameachwa peke yake mchana mmoja tu, akatumalizia chakula.

Mama Hadija aliporudi alinikuta katikati ya chumba nimekumbatia gunia. Alimwita Mama Goreti, ambaye sasa mawese yake yalikuwa yameshaiva, na bibi yule akaja akichechemea mpaka karibu na lango. Akainua bamba la saruji nililolipita kila siku nikidhani limefunika shimo la maji machafu. Ndani yake kulikuwa na kioo chenye tarakimu na kifungio cha chuma. Akakizungusha. Bafuni maji yakakoma, na nyumba ikawa kimya mpaka nikaona aibu ya kupumua.

“Hii ndiyo konteri,” Mama Goreti akaniambia, akinishangaa. “Nilikuambia ufunge konteri.”

Nilinyoosha kidole kuelekea barazani. Mama Hadija akageuka akakiona kisanduku kiko wazi. Akaingia ndani taratibu, nami nyuma yake nikingoja hukumu. Akasimama ukumbini. Pale sakafuni, chini ya maji, ulikuwa umelala ule waya mrefu wa kupelekea friji umeme, pamoja na kichwa chake chenye matundu, kimezama chote. Nilikuwa nimepita juu yake sijui mara ngapi, nikivuta magunia.

“Nani alikata umeme?” akauliza.

“Mimi, Mama. Niliambiwa nifunge konteri.”

Mkwe wangu akakaa kwenye ngazi ya mlango, nguo zake za dua zikalowa, na sikuwahi kumwona akikaa hivyo. Mama Goreti akaanza kusema kwamba basi kukosea kwangu kumeniokoa. Kisha akasema hapana, kama ningeifunga ya maji tangu mwanzo hata ukumbi usingelowa. Kisha naye akawa haelewi kama mimi. Nilitaka mtu mmoja aniambie nimefanya vizuri au vibaya. Hakuna aliyeniambia.

Ndipo Mama Hadija akasema, kwa ile sauti yake ndogo:

“Nyumba hii iko na konteri mbili. Nilikuonyesha moja tu. Niliona umekuja kupika.”

Akainuka, akanishika mkono, mkono wangu uliokuwa unanuka ndagala. Alinirudisha langoni akanifundisha kukizungusha kile kifungio, akanifanya nikifunge na kukifungua mwenyewe mpaka akaridhika. Akanionyesha paa linapovuja, na msumari unapotundikwa ufunguo wa akiba. Mwisho akanipeleka kwenye masanduku yake niliyoyarundikia magunia, akafungua moja akanionyesha sanda yake ilipokunjwa. Akasema siku yake ikifika nisitafutetafute. Wanawe wa kuzaa hawakuwa wamejua ilipo. Tulianika ndagala tulizoweza kuokoa, wawili, na mume wangu aliporudi ni mama yake aliyemwambia kuhusu ile robine, kwa maneno ambayo sitayarudia mbele yako.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukiingia nyumba ngeni, iwe ya ndoa, ya kazi au ya kupanga, usilale kabla hujauliza maji yanafungwa wapi na umeme unakatwa wapi. Na ukiambiwa jina la kitu, usitosheke na jina, omba uonyeshwe kwa kidole. Maji yakishaingia ndani, kata umeme kwanza ukiwa umesimama pakavu, ndipo ushughulike na mengine. Hilo nilifanya bila kujua, wewe lifanye ukijua. Na ukiona ulichofunga hakijafungika, rudi ukaulize tena, hata kama utachekwa. Kicheko hakiozeshi ndagala.

Lakini neno langu zito ni kwa siku utakapokuwa wewe ndiye mwenyeji, na mtoto wa watu akaletwa mlangoni kwako na begi lake. Usimwonyeshe jiko tu. Mtu anayejua pa kupikia peke yake ni mgeni hata akizeeka humo.

Mwenyezi Mungu akupe nyumba yenye watu wenye subira ya kukuonyesha, na akupe ulimi usioona haya kuuliza. Akukinge na maji na moto, vinavyoonekana na visivyoonekana. Na siku ya wewe kuondoka, awepo mtoto wa mwenzio ajuaye sanda yako ilipo. Amina.