Kamba ya Mama Sabuni

Kwa miaka kumi na tisa Mama Sabuni alifua nguo za kituo kile cha watoto yatima na walemavu. Hakuna aliyewahi kusema kwamba anajitolea, kwa sababu alilipwa. Alilipwa kidogo sana, lakini kidogo hicho kilitosha kumwondoa katika orodha ya watu wenye moyo.

Wenye moyo walikuja kila mwaka kwa ndege, fulana zao za rangi moja. Walikaa wiki mbili, wakapaka rangi ukuta wa ukumbi, wakalia siku ya kuondoka. Ukuta ule ulikuwa umepakwa mara nyingi mno. Mama Sabuni alisema ukumbi unazidi kupungua kwa ndani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema, ila hawakutaja atapona ugonjwa gani.

Mwaka huo wageni waliuacha ukuta, wakaiona kamba yake ya kuanikia.

Kamba ilikuwa chini, usawa wa kifua cha mtoto. Aliishusha mwenyewe, kwa ajili ya Kifungo, binti wa miaka sita aliyeletwa kituoni akiwa ameshika kifungo cha shati ambacho hakuna aliyejua ni cha nani. Miguu yake ilikuwa dhaifu tangu kuzaliwa. Kila asubuhi Mama Sabuni alimsimamisha kwenye nguzo ya kwanza, na wakati yeye anaanika, mtoto alishika kamba akaenda kiubavu kama kaa, akivisogeza vibanio mbele yake. Mtaalamu wa viungo, aliyepita mara moja kwa mwezi, alikuwa ameonya: "Mama, miguu hii ikikaa wiki mbili bila kazi itakaza. Tutaanza upya, kama kuanza kutawezekana."

Kiongozi wa wageni, daktari wa meno mstaafu, mtu mwema mwenye kofia pana, alimkuta ameinama anaanika. Machozi yakamlengalenga.

"Mama, umri wako si wa kuinama," alisema. Kiswahili alikuwa amejifunza miezi sita, na alikijua vizuri kuliko alivyoijua kamba.

"Sipati shida, baba. Hii kamba ni ya..."

"Hapana, hapana! Usituonee haya."

Kesho yake kamba ikafunguliwa, zikaja nguzo ndefu za chuma na mifuko ya saruji. Uwanja ukazungushiwa utepe, asikanyage mtu mpaka saruji ikauke. Siku nane.

Mama Sabuni akamwendea meneja. "Naomba kamba yangu."

"Mama, zawadi ya mgeni haikosolewi. Mwambie ang'oe, uone kama mwakani hatakwenda kwa wenzetu."

"Basi nifunge nyingine ya chini, pale pembeni."

"Halafu imkwaze mtu kwenye picha?"

Akarudi kwenye karai lake. Kila jioni alimnyoosha Kifungo miguu juu ya mapaja yake, lakini kunyoosha si kutembea. Siku ya saba alipojaribu kumsimamisha, mtoto alikunjika kama taulo.

"Bibi, kamba yetu imekwenda wapi?"

"Imepandishwa cheo, mjukuu wangu."

Siku ya kukabidhi, mashuka sita mapya meupe, yenye nembo ya wageni, yalianikwa kwa ajili ya picha. Kamba ilikuwa juu kiasi kwamba Mama Sabuni alipanda kigoda kuifikia. Mgongo ulipumzika, magoti yakashika zamu. Kifungo aliwekwa mkekani, mbele kabisa, na puto lililofungwa mkononi.

Katika hotuba yake daktari alikuwa amefika kwenye neno "utu" pale Kifungo alipoangalia pindo la shuka la kwanza. Lilining'inia usawa wa kifua chake. Akajiburuta. Akalishika, akajivuta, akasimama. Akapiga hatua, akadaka la pili, na la kwanza likang'oka na vibanio vyake, likaanguka kwenye tope.

"Mama Sabuni! Mashuka!" meneja alipiga kelele.

"Nimeyaona."

"Mshike mtoto!"

"Atakayemgusa," alisema Mama Sabuni bila kuinuka kigodani, "leo namfua yeye."

La tatu. La nne. La sita lilipoanguka, Kifungo alikuwa ameikumbatia nguzo ya mwisho, anahema, puto bado linamfuata.

Daktari alivua kofia. "Mama, ile kamba... ilikuwa yake?"

"Nilitaka kukwambia, baba. Ulikuwa umeshachanganya saruji."

Nguzo hazikung'oka, saruji ilikuwa nzuri. Kwa hiyo daktari akafunga kamba ya pili chini, kwenye nguzo zilezile, kwa mikono yake, akiinama kwa umri wake. Ripoti aliyotuma kwao ilieleza kwamba mradi ulikuwa wa kamba mbili tangu mwanzo.

Mama Sabuni hakuisoma. Alikuwa na mashuka sita ya kurudia, na Kifungo pembeni akimpelekea vibanio, kimoja kimoja, kiubavu. Tope liligoma mpaka maji ya tatu. Nembo ilitoka kwenye maji ya kwanza.