Mnara wa Nundu Tisa

Dada yangu alipopata kiharusi, mkono wake wa kulia ulibaki umelala pajani kama kitu alichoachiwa amshikie mtu. Tulimtoa kijijini Msimbati tukamleta kwangu, Mtwara mjini, awe karibu na hospitali. Mimi nilifundisha hesabu shule ya msingi mpaka nikastaafu, nikaamini kuwa uvumilivu ninao wa kutosha. Kumbe uvumilivu wa darasani una kengele. Huu wa nyumbani hauna. Unamwogesha mtu, unamvisha, unamkatia muhogo vipande vidogo, unafua, unaanika, na kesho unaanza tena pale pale.

Yeye ni msukaji wa mikeka. Alipougua alikuwa amefika nusu ya ukili wa msala wake mwenyewe, ule mkanda mrefu wa miyaa, majani ya kusukia yaliyochanwa, ambao baadaye hushonwa ukawa mkeka. Alitaka jambo moja tu, kuumaliza. Hakutaka kusalia juu ya msala wa dukani. Ukili wenyewe niliuning'iniza kwenye msumari juu ya kitanda chake, nikidhani utamtia moyo. Aliugeukia ukuta wa pili.

Daktari wa mazoezi alisema mkono upewe kazi ndogondogo kila siku, za kubana na kubonyeza. Nikamwekea maharage kwenye sinia, ayaokote moja moja. Siku ya tatu akalisukuma sinia.

"Mimi si kuku," alisema.

Ndipo nikakumbuka boksi. Miaka ya nyuma niliwapangisha chumba cha uani mume na mke kutoka Asia, mume akifanya kazi kwenye visima vya gesi. Walipoondoka waliacha boksi la vitofali vya plastiki vya mtoto wao, vile vyenye nundu juu na matundu chini ili vishikane. Waliacha na kalenda ya kwao. Tukaweka ubao wa mlango mbovu juu ya meza, tukaanza mji. Soko likaja, stendi ikaja, msikiti ukaja, ingawa msikiti nilijenga zaidi mimi.

Asubuhi moja baada ya chai aliinyooshea kalenda kidevu. Picha yake ilikuwa ya mnara wa ghorofa nne, kila ghorofa na paa lake, na pembe za kila paa zimekunjwa kuelekea juu.

"Jengo hilo ndilo nalitaka."

"Dada, lile gumu."

"Mvua ya kwao inanyesha kwenda juu nini, mbona mapaa yamegeuka hivyo?"

Nilicheka, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Nikachukua daftari la miraba nikamweleza, maana kueleza ndiyo kazi ninayoiweza hata nikiwa nimechoka. Jengo kama hili, nilimwambia, ni maboksi manne, kila moja dogo kuliko la chini yake. Paa la kila boksi linatoka nje ya ukuta kama makuti yanavyotoka kufunika baraza. Pembe tutazipata kwa vipande vya mteremko tukivigeuza nyuma mbele. Kilichobaki ni kuamua upana wa boksi la kwanza.

"Tisa," akasema hapo hapo.

"Kwa nini tisa?"

"Ukili wangu ni wa miyaa tisa. Mwaa mmoja lazima ubaki katikati, la sivyo kazi inakwenda upande."

Nikachora: nundu tisa, kisha saba, kisha tano, kisha tatu. Kila ghorofa ilipungua nundu moja kila upande. Ilipendeza kwenye karatasi. Na kuta zilikwenda vizuri kwa sababu yeye alivipanga vitofali kama anavyosuka, kichwa cha kimoja kikigusa ubavu wa kingine, vikizunguka. Kwa mtindo huo, ukuta wa nundu tisa unajengwa kwa vipande vya nundu nne nne bila shida yoyote. Yeye alikuwa akichagua kitofali kwa mkono wa kushoto, anakiweka, halafu anaubeba ule wa kulia na kuushusha juu yake kama jiwe la kusagia. Kitofali kimoja kilichukua muda wa mimi kuosha vyombo vyote. Tulikwenda hivyo wiki mbili.

Tulipofika juu nikatoa kilele, kipande chekundu cha nundu mbili kwa mbili. Hakikukaa katikati. Nikakisogeza kulia, nikakisogeza kushoto.

"Kimekaa kama kofia ya mlevi," dada alisema.

Ndipo nikaona. Upana wa nundu tatu hauna katikati pa kukaa kipande cha nundu mbili. Safu yetu ya mwisho, ya vitofali vyembamba, ilikuwa imezunguka shimo la nundu moja tu, na vilele vyetu vyote vikubwa vilikuwa vya mbili.

"Mwalimu wa hesabu mzima, hukuliona hilo?"

Sikuliona. Nikamwambia tuubomoe tuanze na nane. Aliutazama mnara, kisha akaanza kuvuruga boksi kwa mkono wa kushoto mpaka akaibuka na kipande cha manjano, kilichochongoka, cha nundu moja. Hakikuzidi punje ya mahindi. Vya aina hiyo tulikuwa tukivikwepa tangu siku ya kwanza, kwa kuwa havibonyezwi kwa kiganja. Vinataka kidole gumba na cha shahada.

Akakihamishia mkono wa kulia. Kikaanguka. Nikapiga magoti chini ya meza, nikakitafuta, nikampa. Kikaanguka tena. Siku hiyo niliinama mpaka magoti yakagoma, na kesho yake vivyo hivyo. Siku ya tatu uvumilivu ukaniisha.

"Dada, weka kwa kushoto tumalize. Nimechoka."

Hakukasirika. "Najua umechoka," alisema. "Lakini wa kushoto hausuki."

Nikatandika kanga chini ya meza ili nione kinapoangukia, nikakaa.

Siku zilizofuata sikuzihesabu. Nakumbuka tu kwamba asubuhi moja nilikuwa nachambua mchele na kanga ilikuwa haijapokea kitu kwa muda. Nikainua macho. Kile kipande kilikuwa kimebanwa kati ya vidole viwili, kinatetemeka juu ya shimo. Kikagonga ukingo, kikateleza, kikaingia. Akakisukumia chini kwa fundo la kidole. Kilikaa kimeinama kidogo. Sikukigusa.

Nilitaka kupiga vigelegele, lakini uso wake ulikuwa haupo kwenye mnara.

"Niangulie ukili wangu."

Nikauangua msumarini, nikaufuta vumbi, nikaulaza mapajani mwake. Miyaa ilikuwa imekauka, nikainyunyizia maji. Alishika mmoja kwa vidole vile vile viwili, akaupitisha juu ya mwenzake, akauingiza chini ya wa pili, akavuta. Kisha mkono ukaanguka wenyewe, umekwisha nguvu.

"Mmoja," alisema, akihema.

"Mmoja," nikaitikia, kama darasani.

Akafumba macho. Nikamwachia ukili pale pale mapajani, nikaenda kuteka maji ya kumwogesha.