Alilala Garini Ili Asivunje Sheria

Saa kumi na moja alfajiri, Reino Kangas anafukua kituo cha basi kwa koleo. Theluji imeanguka usiku kucha hapa Superior, mji wa kaskazini mwa Marekani, na upepo wa ziwani unauma masikio. Anachota, anatupa, anasimama kidogo. Mvuke unamtoka mdomoni kama birika.

Lori kubwa la kusukuma theluji linakuja, taa zake za njano zikizunguka. Dereva anapunguza mwendo na kuteremsha kioo.

"Reino! Naona lori lako limefuliwa kwa maji ya moto, likanywea hadi kuwa koleo!"

"Pita huko!" Reino anajibu akicheka. "Na pale konani nenda polepole, usije ukafukia sanduku la barua la watu kama juzi."

Lori likishapotea, na kicheko kinapotea. Lori lile alikuwa akiliendesha yeye. Kwa miaka kumi na tisa amefungua barabara za mji huu kabla watu hawajaamka. Sasa ana miaka hamsini na mbili, na mshahara wake umeshuka hadi karibu nusu. Kampuni haikumfukuza. Imempa koleo na kumwambia asubiri mahakama iseme.

Kosa lake ni kulala.

"Kila nikilieleza, mtu ananiambia nirudie," anasema. "Narudia. Mwisho hata mimi mwenyewe nakuwa sielewi."

Ilikuwa mwanzoni mwa Oktoba. Mfanyakazi mwenzake alioa ng'ambo ya daraja, Duluth, ambako ni jimbo la Minnesota. Superior ni Wisconsin. Kwa gari, kutoka mji mmoja hadi mwingine hata wimbo wa redio hauishi. Reino alikunywa brandi, akacheza, akanywa tena. Kisha akafanya alichofundishwa na baba yake tangu akiwa kijana: ukilewa, usiendeshe, lala garini.

Akalaza kiti cha dereva, akajifunika blanketi. Injini hakuiwasha. Ufunguo akautia mfukoni.

Alfajiri askari akagonga kioo.

"Akaniuliza, 'Umekunywa, bwana?' Nikamwambia, 'Ndiyo, afande, ndiyo maana nimelala.' Nilisema kwa fahari kabisa! Nilidhani atanipongeza."

Alimtia pingu.

Wakili wake, mama mmoja mpole mwenye ofisi juu ya duka la viatu, alimweleza kwamba Minnesota si lazima gari litembee ndipo ushtakiwe. Ukiwa umelewa, umekaa kwenye usukani na ufunguo unao, gari linahesabiwa kuwa mikononi mwako. Wisconsin jambo hilo linapimwa kwa namna nyingine, na kwa gari lililozimwa huenda angeambiwa tu aamke aende zake. "Huenda," wakili alisisitiza. Hakutaka kuahidi.

Hapo pakaibuka jambo la pili. Miaka tisa iliyopita Reino alikamatwa upande huu akiwa ameendesha amelewa. Wisconsin, kosa la kwanza la namna hiyo kwa kawaida si jinai. Alilipa faini, akakaa miezi kadhaa bila leseni, yakaisha. Watu hapa huiita tiketi, kama karatasi ya faini ya kuzidisha mwendo. Lakini tiketi ile ilipovuka daraja ilibadilika sura. Ng'ambo, anasema wakili, wanaweza kuihesabu kama kosa la kwanza, na usingizi wa Oktoba ukawa la pili. Na dereva wa magari makubwa mwenye makosa mawili ya ulevi anaweza kupoteza leseni ya magari hayo maisha yake yote.

"Kwetu tiketi, kwao jinai," anasema Reino. "Mimi nilivuka daraja, sikuvuka bahari."

Mimi ninayeandika habari hii nilijaribu kumsaidia kuelewa. Nilisoma sheria za majimbo yote mawili, kisha nikapiga simu. Nilipiga ofisi mbili, nikapata majibu matatu. Nilipomwambia hivyo, Reino alinipigapiga bega kana kwamba mimi ndiye niliyeshtakiwa.

Wiki iliyopita ilikuja nafuu, kama ni nafuu. Mwendesha mashtaka yuko tayari kubadili shtaka liwe la uendeshaji wa kizembe. Halihesabiwi kama ulevi, kwa hiyo leseni ya lori inaweza kupona. Ila lazima Reino asimame Alhamisi ya wiki ijayo mbele ya hakimu akiri.

"Nikiri kwamba niliendesha kizembe! Gari lilikuwa limesimama. Nililiendesha wapi, ndotoni?"

Ijumaa jioni ananialika kwenye baa ya Marlys Dombrowski, kula samaki wa kukaanga kama kila familia hapa inavyofanya Ijumaa. Baba yake, Urho, mwenye miaka themanini na moja, ameshakaa, kofia kichwani. Aili, binti wa Reino, mwanafunzi wa miaka ishirini anayesoma Duluth, ndiye aliyewaleta na gari lake, kwa kuwa leseni ya baba yake bado imezuiwa. Marlys anaweka sahani, mkate mweusi na kabichi.

"Reino, wewe nikupe nini? Brandi au mto wa kulalia?"

Meza za jirani zinaangua kicheko. Reino anaomba kahawa.

Aili naye ana glasi ndogo ya bia. Umri wa kunywa ni miaka ishirini na moja, lakini kwa kuwa amekaa na baba yake, hapa anaruhusiwa. Ng'ambo ya daraja, ndani ya baa, glasi hiyo hiyo ingekuwa kosa, hata baba yake angekaa mapajani mwake.

Mzee Urho hacheki. Anachambua miiba ya samaki polepole, kisha anasema bila kuinua macho, "Basi mimi ndiye niliyekufunga."

"Baba, acha hayo."

"Niache nini? Nani aliyekwambia lala garini? Ni mimi. Onni alipokufa nilisema mwanangu hatakufa vile."

Onni alikuwa mdogo wake Urho. Alitoka baa moja barabara ya kusini, akaendesha, akakutana na mti. Kabla ya msiba ule, katika ukoo wa Kangas hakukuwa na amri yoyote kuhusu pombe na magari. Baada yake ikawapo moja.

"Na amri yako imeniweka hai, baba," Reino anasema. "Hilo hawawezi kuniambia nikiri kuwa ni kosa."

Aili anaweka uma chini. "Mimi je? Nikikwama ng'ambo, nimekunywa, nifanye nini?"

"Lala gari..." mzee anaanza, kisha anajikatiza.

Marlys, aliyekuwa akipangusa meza ambayo ilishapanguswa, anaondoka taratibu.

Reino anazungusha kikombe chake. Anapoongea, anamwangalia baba yake, si binti yake.

"Baba, usiku ule kulikuwa na baridi. Askari aliponigonga, miguu ilishakufa ganzi. Angechelewa kidogo ningewasha injini nipate joto. Na nikishawasha, nikaona daraja lile pale, na kitanda changu upande wa pili..." Anatikisa kichwa. "Sijui. Nimejiuliza kila siku, na bado sijui. Lakini siwezi kuapa kwamba ningekaa."

Mzee Urho anavua kofia yake na kuiweka mezani. "Onni naye alisema anakwenda kulala garini," anasema. "Nilimsikia kwa masikio yangu."

Inaonekana hata Reino hajawahi kusikia hilo. Anaufunika mkono wa baba yake kwa wake, mikono miwili mikavu yenye nyufa za baridi.

Alhamisi ijayo atakwenda kukiri. Hakubali kwamba aliendesha. Hilo bado linamchanganya, na nadhani litamchanganya hadi mwisho. Anasema atakiri kwa sababu ya ufunguo uliokuwa mfukoni. Akirudishiwa lori, anataka kuanza na barabara ya kusini, ile yenye mti.

Nje, theluji imeanza tena. Aili anauliza kwa mara ya pili, huku akimfunga babu yake skafu: "Hujanijibu, baba. Nifanye nini?"

"Nipigie simu. Mpe mtu ufunguo, ingia ndani penye joto, unipigie. Nitakuja."

"Utakuja na nini? Huna leseni."

Reino anatazama daraja, taa zake zikififia kwenye theluji.

"Nina koleo," anasema. "Nitakuja nikifukua njia."