Mguu wa Mwalimu Odeta

Mwalimu Odeta akiwa kanisani, mguu wake wa kulia unafunga breki. Padre akiongeza kasi kwenye mahubiri, mguu unakanyaga sakafu. Kwaya ikikataa kumaliza wimbo, unakanyaga tena. Sebuleni kwake Mirongo kuna zulia lililotoboka mahali pamoja tu, mbele ya kochi analokalia akitazama taarifa ya habari. Wageni wakiuliza, wanaambiwa ni panya. Panya gani huyo anatafuna zulia kwa umbo la kisigino?

Kazi yake ni kufundisha udereva. Alikuja Mwanza kutoka Kagera akiwa binti, akaolewa, akafiwa na mume, na badala ya kukaa kulia akanunua Starlet iliyokwisha kuzeeka. Akaibandika L nyekundu mbele na nyuma, akaifungia kanyagio la pili la breki upande wa abiria. Hilo ndilo kanyagio la mwalimu, limeunganishwa na la dereva kwa fimbo ya chuma inayopita chini ya dashibodi. Tangu hapo nusu ya madereva wa mji huu wamepita mikononi mwake, au niseme miguuni mwake. Mimi napokea simu, naandika majina ya wanafunzi, na mwanafunzi akiwa mwoga natupwa kiti cha nyuma nijifanye nimesinzia, ili naye aone hakuna hatari.

Mwoga wetu wa wiki hiyo alikuwa Luhaga. Mtu mzima, mabega kama kabati, anatoka Nansio. Parokia ya kwao ilikuwa imepata pikapu ya kubeba wagonjwa na dawa, na paroko alimwahidi usukani akirudi na leseni. Akirudi bila leseni, Jumapili ufunguo unakabidhiwa mtu mwingine. Na alikuwa ameshafeli mara mbili, kosa ni lile lile: akifika kwenye mstari wa kusimama, hasimami. Anaupita taratibu, kwa adabu zote, kama mtu anayepita mbele ya wakwe.

"Kwangu anasimama vizuri kabisa," Mwalimu Odeta alikuwa akiapa. "Yesu na Maria, kwangu anasimama! Hao trafiki wanamtisha tu na zile nguo zao."

Mtihani wa tatu ulipangwa Ijumaa. Jumatano asubuhi gari likaanza kulia. Kila breki ikifungwa, linatoa sauti ya mtu anayekwangua ukoko kwa kijiko cha chuma. Tukalipeleka, Luhaga akiwemo, kwa Yeremia, fundi mwenye gereji karibu na mto, anayeongea kuliko redio yake, na redio yake haizimwi.

Yeremia akapiga jeki, akatoa tairi la mbele, akafungua kalipa inayoshika pedi, akachungulia. Kisha akatuita kama mtu aliyeona nyoka wa vichwa viwili.

"Njooni, njooni! Pedi zimebaki nyembamba kama hostia. Na tazameni diski."

Diski ilikuwa na mifereji kama shamba lililolimwa, na rangi yake imegeuka bluu kwa kuungua.

"Mwalimu, hili gari linatembea huku limefungwa breki," alisema. "Kuna mtu anaweka mguu juu ya kanyagio muda wote. Ni nani?"

Tukatazama chini wote watatu. Mguu wenyewe ulikuwepo, kwenye vumbi lenye oili, ukikanyaga kila Yeremia alipotamka neno breki.

"Ni wanafunzi," akasema Mwalimu Odeta.

"Wanafunzi wako wanapita. Kuungua huku ni kwa mtu mwenye ajira ya kudumu."

Luhaga akacheka, akatazamwa, akaacha.

Spea zikaja. Yeremia akazifuta diski mpya kwa petroli kuondoa mafuta zinayokuja nayo, akarudisha pistoni ndani, akapanga pedi. Mwalimu Odeta hakukaa. Alikalia tairi, akainuka. Alienda hadi barabarani, akarudi kabla hajafika.

"Nati umekaza?"

"Nimekaza."

"Zote?"

"Mama, nikuletee kiti au nikuletee daktari?"

"Kaza tena."

Akakaza tena, huku akitunga wimbo wa kumsema. Akaingia kwenye gari akakanyaga breki tupu, tena na tena, mpaka kanyagio likawa gumu. "Hapa ndipo wengine wanaua watu," akasema. "Wanafunga pedi, wanawasha gari, wanaondoka. Breki ya kwanza, mguu unazama mpaka chini kama kwenye matope." Halafu akalala chali chini ya dashibodi upande wa abiria, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akanyamaza. Alipotoka alikuwa ameshika ile fimbo ya chuma. Ilikuwa na ufa katikati.

"Hii hairudi."

"Chomelea," akasema Mwalimu Odeta.

"Kitu cha breki sichomelei. Inachongwa mpya, na mchongaji yuko msibani Misungwi. Jumamosi."

"Jumamosi! Mtihani ni Ijumaa!"

"Breki ya dereva ipo, tena mpya. Isiyokuwepo ni ya kwako. Halafu sikilizeni. Pedi na diski hizi hazijazoeana. Siku za mwanzo ni kukanyaga mapema na kwa upole. Mkizipiga kama mnaua nge, mtanirudia hapa mkilia."

"Bila breki yangu simpandishi mtu kwenye gari."

Luhaga alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi. "Mayu," akasema, akimwita hivyo kama Wasukuma wanavyowaita mama zao, "sasa mimi nitafanyia wapi mazoezi? Nikikosa, paroko hanisubiri."

Mwalimu Odeta akamtazama Luhaga, akalitazama gari. Akafungua mlango wa abiria kama mtu anayefungua jeneza.

Tulienda nyuma ya ghala moja la samaki, kwenye kiwanja cha wazi chenye mteremko mfupi unaoishia kwenye mawe. Nyuma ya mawe ni ziwa. Nilichora mstari kwa kijiti, mbali na mawe kadiri woga wangu ulivyonishauri, nikarudi kukaa nyuma.

Luhaga akashuka mteremko. Mstari ukakaribia. Mwalimu Odeta akakanyaga, na mguu ukagonga bati tupu: puu! Akakanyaga tena: puu! puu! Mstari ukapita chini yetu. Mawe yakaanza kuwa makubwa.

"Luhagaaa!"

Luhaga akakanyaga kama anaua nge. Gari likasimama, mimi nikiwa nimekumbatia kiti chake kwa mapenzi ambayo sikujua ninayo.

Lakini kutoka nyuma nilikuwa nimeona kitu. Muda wote wa kushuka, macho ya Luhaga hayakuwa barabarani.

"Kaka Luhaga," nikamwambia, "ulikuwa unatazama nini kwenye mapaja ya Mwalimu?"

Mwalimu Odeta akavuta sketi. "Ati?"

"Hapana, mayu! Mungu ananiona!" Luhaga alitokwa jasho upya. "Natazama goti!"

"Goti gani?"

"Goti lako. Likipanda, najua hapa ni kusimama, na gari linasimama lenyewe. Yule trafiki... yule trafiki hapandishi goti."

Nilingoja apigwe. Mwalimu Odeta aligeuka dirishani, akatazama maji kwa muda, na ule mguu ukawa unatikisika peke yake.

"Kwa hiyo wewe hujawahi kusimamisha gari hili," akasema.

"Hii ndiyo mara ya kwanza, mayu."

Akafungua mlango, akaja nyuma. "Wewe mtoto, hamia mbele." Leseni ninayo, yeye ndiye aliyenifundisha, na goti langu halijawahi kumsaidia mtu. Tukapanda, tukashuka. Nyuma yangu mgongo wa kiti ulikuwa ukipigwa mateke, kila teke linafika kabla ya mstari. Luhaga akaupita, akaupita tena, kisha akasimama mbali mno, kama anauogopa. "Mapema, kwa upole," nikawa namwimbia maneno ya Yeremia. Alhamisi tukarudi pale pale. Kufikia jioni alikuwa anasimama vizuri mara nyingi kuliko alivyokuwa anakosa. Sijasema kila mara.

Ijumaa trafiki aliingia kwenye Starlet na makaratasi yake, akakaa kiti cha abiria, magoti yametulia kama ya sanamu. Sisi tukasimama pembeni ya uwanja, upande wa mstari. Luhaga akazunguka, akarudi nyuma kati ya vigingi bila kugusa hata kimoja, akaanza kuja kwenye mstari. Na hapo nikaona uso wake unageuka. Anatafuta. Macho yakapita watu wote, yakatua kwetu.

Mwalimu Odeta naye akaona. Goti lake lilikuwa tayari linapanda.

Akageuka. Akaugeuzia uwanja mgongo, akatazama ukuta. Sijawahi kumwona akiligeuzia mgongo gari linalotembea. Hata kwenye mazishi ya mumewe alikuwa akiangalia lile gari lililobeba jeneza linavyoegeshwa.

"Amefika wapi?" akauliza ukuta.

"Anakuja."

"Anatazama wapi?"

"Alikuwa anakutazama wewe. Sasa anatazama mbele."

"Mbona silisikii? Amekanyaga?"

"Breki mpya hizo, Mwalimu. Hazilii."

"Sema basi, we mtoto, utaniua!"

Nilikuwa nimebana pumzi, maana gari lilikuwa likipungua, likipungua, kwa upole ambao Yeremia angeufurahia, na sikujua kama litawahi.

"Amesimama," nikasema. "Mstari uko mbele ya tairi. Kuku anaweza kupita katikati."

Hakugeuka.

"Mwalimu, nimesema amesimama. Trafiki anaandika, tena anamchekea, anampa mkono."

"Ngoja kwanza aweke hendibreki."

Luhaga akaiweka. Nikamwambia. Ndipo Mwalimu Odeta akageuka, polepole, akipangusa macho kwa kisingizio cha vumbi. Chini pale alipokuwa amesimama, kisigino kilikuwa kimechimba kishimo. Lakini alikichimba akiwa ametazama ukutani, kwa hiyo tulikubaliana hakihesabiwi.