Ng'ombe wa Dada Yangu na Digrii ya Muziki

Dada yangu aliolewa Asembo Bay, na mahari yake ilikuja kwetu Seme kwa miguu. Vijana wa kule waliwaswaga ng'ombe kupitia Kombewa, wakafika jioni wakiwa na kiu. Baba aliwapokea kwa jicho la kazi. Alikuwa dalali wa mifugo, mtu wa kumtazama mnyama mara moja na kutaja bei, na siku hiyo hakulalamika, jambo ambalo kwake lilikuwa sifa kubwa. Kwa desturi yetu ng'ombe wa dada ndio kaka yake hutolea mahari anapooa. Kaka mwenyewe nilikuwa mimi.

Lakini mimi niliitwa chuo kikuu, Nairobi, kusomea muziki. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati serikali ilipoanza kuwaambia wanafunzi wachangie karo, na kwetu hapakuwa na cha kuchangia isipokuwa kile kilichokuwa kikicheua zizini.

Baba mdogo, aliyeuza vipuri vya baiskeli mjini, Kondele, alisafiri kwa makusudi aje kupinga.

"Omera, ndugu yangu, sheria sawa. Udaktari sawa. Hata ualimu ya hesabu, sawa," akamwambia baba. "Lakini ng'ombe iende kulipia mtu kuimba? Hawa ndege wote hapa nje, nani aliwalipia karo?"

Tulicheka, hata mimi. Baba hakucheka. Aliniuliza swali moja tu, lile ambalo angemuuliza mtu anayemuuzia ndama: hii kitu itanirudishia nini, na lini? Nilimjibu kwamba mfumo mpya wa elimu ulikuwa umeingiza muziki shuleni, kwamba walimu wa somo hilo walikuwa wachache, na kwamba mshahara wa mwalimu haukujali alisomea nini. Yote yalikuwa kweli. Ningekwenda hata kama yangekuwa uongo, lakini hilo sikuulizwa.

Mama ndiye aliyeona upande wa pili. Alisema ng'ombe wakiwa zizini, binti ana mlango wa kurudi: ndoa ikiharibika, ng'ombe wanarudi kwa wenyewe, na yeye anarudi kwao. Wakiuzwa, mlango huo umepigwa misumari. Basi dada akatumiwa ujumbe aulizwe. Jibu lake lililetwa na mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani: uzeni, mimi sina shida huku. Wakati huo alikuwa mjamzito.

Ng'ombe wakauzwa mmoja mmoja, kila muhula ulipokaribia. Chuoni nilijifunza piano, nikajifunza kuandika sauti nne za kwaya na kusoma nota kama mwingine anavyosoma gazeti. Wenzangu waliosomea biashara walinitania kwamba mwajiri wangu atakuwa matanga. Sikukasirika sana, maana nami nilikuwa na hesabu zangu za kipuuzi. Nilijua muhula gani ulilipiwa na ng'ombe gani. Piano ilikuwa ya yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda.

Nilimaliza masomo, na kabla sijapangiwa shule, dada akarudi nyumbani. Alikuwa ametoka hospitali ya Kombewa, mkono umefungwa plasta, na mtoto wake wa kiume akimfuata nyuma kwa miguu yake mwenyewe. Hakueleza mengi. Alisema, "Siendi tena," akaingia jikoni kumsaidia mama kwa mkono mmoja.

Wazee wa Asembo hawakukawia. Walikunywa chai, wakaulizia mvua na mihogo, kisha yule aliyewaongoza akamgeukia baba, akasema kwa upole kabisa:

"Mzee, sisi hatujakuja vita. Bibi arudi, ama ng'ombe irudi. Wewe tuonyeshe tu ng'ombe yetu iko wapi."

Baba akainuka, akaingia ndani, akatoka na cheti changu cha digrii. Nilidhani anafanya mzaha, lakini baba hakuwa na mzaha katika mambo ya mifugo. Sokoni kwake, ukibadilisha mnyama kwa kitu kingine, ukiulizwa unakionyesha hicho kitu. Naye alikuwa anakionyesha. Cheti kikapita mkono kwa mkono. Mmoja alikigeuza kutazama nyuma, mwingine akauliza kama ni cha udaktari.

"Ni ya muziki," baba akasema.

"Na hii inakula nyasi gani?" akauliza yule kiongozi, na hapo wote wakashindwa kujizuia. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Jikoni, dada aliacha kusugua sufuria.

Baba aliwangoja wamalize kucheka. "Huyu ataandikwa kazi," akasema. "Atarudisha moja moja mpaka iishe. Hiyo karatasi ndiyo inasimama badala ya ng'ombe."

Wakakubali, kwa sharti. Dada angekaa kwetu na mtoto, lakini mpaka ng'ombe wa mwisho afike, yeye alikuwa bado mke wao, na nikizembea wangekuja kumchukua.

Nilipangiwa shule ya sekondari pale pale Seme. Mshahara ulikuwa sawa na wa mwalimu wa hesabu, nami nilihakikisha baba mdogo amelisikia hilo. Kilichonishangaza ni mapato ya kando. Kila mwalimu mkuu alitaka kombe la kwaya la kuweka ofisini, kwa hiyo Jumamosi nilifundisha shule za wengine, na Jumapili makanisa, ambayo yalilipa kwa kuku na maombi. Nilimtungia mbunge mmoja wimbo wa kumkaribisha alipokuja kufungua josho la ng'ombe. Ulikuwa wimbo mbaya na ulilipa vizuri. Dada naye alikaanga samaki Kondele, akaniongezea alichopata. Mwanamke niliyetaka kumwoa alingoja, kisha akaacha kungoja. Kila ng'ombe niliyenunua alikwenda Asembo.

Pesa zikitosha, baba aliniongoza sokoni. Yeye alichagua, mimi nikalipa, tukamswaga mnyama hadi Asembo. Alichagua wazuri kuliko wale tuliouza. Nilipolalamika alisema hataki maneno.

Siku ya ng'ombe wa mwisho nilitembea kwa furaha, sitaficha. Wazee walimzunguka, wakamshika nundu, wakaridhika. Kisha yule kiongozi akamrudishia baba kamba.

"Hii mrudi nayo, Mzee. Hii ni ya mtoto."

Nilimtazama baba. Hakushangaa. Ikabidi nielezwe mimi, msomi. Ng'ombe wakirudishwa, mmoja huachwa kwa wazazi wa mke kwa ajili ya mtoto aliyezaliwa, ili mtoto abaki wa ukoo wa baba yake. Dada sasa alikuwa huru. Mtoto alikuwa wao.

Tulirudi na ng'ombe wetu. Njiani nilimuuliza baba kama alijua.

"Nilijua," akasema. "Tangu ile ya kwanza. Nilikuwa nachagua nzuri nikitumaini wataridhika, wasitaje hii ya mtoto."

Sikuweza kumkasirikia, na nilitaka sana. Walikuja kumchukua mtoto baada ya mavuno. Alikuwa mkubwa wa kutosha kuuliza kama huko Asembo kuna shule yenye kwaya, kwa sababu nilikuwa nimemfundisha kuimba sauti ya pili. Dada alimfunga kamba za viatu, akamwambia ipo. Yule ng'ombe alibaki zizini, akawa mzuri wa maziwa. Mama alimkamua kila asubuhi, na dada kila asubuhi alikunywa chai yake bila maziwa.